Barua ya wazi kwa wauguzi mnaosomea kuandika dawa

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mnaosomea uuguzi wa ngazi ya juu, ambao muda si mrefu mtakabidhiwa jukumu la kumpima mgonjwa, kumwamulia dawa na kutia sahihi kwenye cheti chake. Famakolojia, yaani elimu ya dawa, mnafundishwa na walimu waliobobea, nami sina haja ya kuwarudishia masomo yao. Ninalowasihi ni jambo moja tu: msimwandikie mgonjwa dawa mpya kabla hamjajua zile anazozimeza tayari.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya mahali ambapo wengi wenu mtapangiwa kazi. Katika hospitali kubwa yuko mfamasia anayekisoma cheti na kukirudisha akiona kasoro. Katika zahanati ya kijijini, aliyeandika dawa mara nyingi ndiye huyo huyo anayefungua kabati, anayehesabu vidonge na anayeandika "2x3" juu ya bahasha, kwa hiyo kosa likishapita kwenye kalamu yake hakuna jicho jingine la kulinasa kabla halijafika kinywani mwa mgonjwa.

Mfikirieni mama wa miaka 65 mwenye presha, ambaye kila siku anatumia losatani pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini, na leo amekuja akilalamikia magoti. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ipo kabatini, na ndiyo inayokuja haraka mkononi. Lakini ndani ya figo, mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio hubaki wazi kwa msaada wa prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, na diklofenaki inazizuia hizo, hivyo mshipa unabana. Losatani nayo imekwisha kuulegeza mshipa unaotoa damu upande wa pili, kwa hiyo msukumo ndani ya chujio umepungua kotekote, huku kile kidonge cha kupunguza maji kikiwa kimepunguza maji yenyewe. Dawa tatu, kila moja ikiwa halali kwa ugonjwa wake, zinaweza kwa pamoja kuziangusha figo za mama huyu, hasa akipatwa na kuharisha au akikaa muda mrefu bila kunywa maji ya kutosha. Zaidi ya hapo, diklofenaki huufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, na presha hupanda. Atakaporudi kliniki mwezi unaofuata, asiyemuuliza habari za magoti atadhani losatani imeshindwa kazi, naye atamwongezea dawa ya nne. Mama huyu alihitaji parasetamoli, dawa ya kuchua na mtu wa kumweleza kwa nini asijinunulie diklofenaki dukani.

Sasa, kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Mkimuuliza mgonjwa, "Je, unatumia dawa nyingine?" wengi watajibu hapana, wala hawasemi uongo. Vidonge vya presha amevizoea kiasi kwamba havihesabu tena kuwa dawa. Vya maumivu alivinunua duka la dawa muhimu bila cheti. Kijiti cha uzazi wa mpango kiko mkononi tangu mwaka juzi. Dawa ya asili anahofia mtamkaripia. Na anayetumia ARV hatazitaja mlango ukiwa wazi na foleni inasikiliza. Fungeni mlango, mwulizeni moja moja kwa upole, na mwambieni aje na dawa zote zilizoko nyumbani ndani ya mfuko mmoja.

Kwa wanaotumia ARV swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa dolutegraviri ndiyo msingi wa tiba ya wengi siku hizi. Rifampisini ya kifua kikuu hulichochea ini kuivunja upesi, ndiyo maana mtu mzima anayetumia zote mbili huhitaji miligramu 50 za dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Metfomini ya kisukari hujikusanya mwilini ikikutana na dolutegraviri, hivyo kwa siku isizidi miligramu 1,000. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu avimeze pamoja na dolutegraviri wakati wa chakula. Akiwa hajala, dolutegraviri itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6, kwa sababu madini ya chuma hushikamana nayo tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu. Na rifampisini hiyo hiyo hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, jambo ambalo mwanamke anastahili kuambiwa siku anayoanza tiba, asije kuligundua mwenyewe miezi mitatu baadaye.

Watoto nao waulizieni kwa wazazi. Mtoto wa kilo 12 mwenye homa, kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180 za parasetamoli, yaani mililita 7.5 za sharubati yenye miligramu 120 katika mililita 5. Akipewa mililita hizo hizo kutoka chupa yenye miligramu 250 katika mililita 5, amepata 375, zaidi ya mara mbili ya dozi. Na ikiwa asubuhi mama alimpa sharubati ya mafua, soma lebo yake, kwa maana nyingi zina parasetamoli ndani. Mpimeni kila mtoto kwenye mizani, andikeni miligramu na mililita, wala msiseme "kijiko" bila kumwonyesha mama kijiko gani.

Dhara likitokea licha ya uangalifu wote, jazeni fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata kama hamna hakika kuwa dawa ndiyo iliyoleta dhara hilo. Shaka yenye msingi inatosha kuripoti.

Mkifika vituoni, andikeni ndani ya mipaka ya leseni zenu, mwongozo wa matibabu wa taifa uwe mezani na si kabatini, na siku ya kwanza kabisa ombeni namba ya simu ya mfamasia wa wilaya. Msione haya kumpigia wakati mgonjwa bado ameketi mbele yenu.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Morogoro