Kabla ya kushuka, kishushe

Mwanangu,

Picha ya baindingi unazotaka kununua, hizo za kushikia buti kwenye skii za theluji, nimeiona. Nimeamua kuandika maana kwenye simu utasema "sawa, Baba" halafu utafanya yako.

Gramu 150 kila mguu. Hazina breki za kuzuia skii iliyochomoka isiteleze ikaenda zake. Nguvu ya kisigino kufunguka ukianguka imeshapangwa kiwandani, huna skrubu ya kuibadilisha. Hizo ni za mashindano, mama, za watu wanaopanda mlima mbio huku wanapimwa kwa saa. Huko kwenye milima ya Écrins unakokwenda na wenzako wa chuo nani anakupima?

Uzito naujua. Mlima wetu Kilimanjaro nimeupanda na kilo 20 kichwani kabla hujazaliwa. Na cha mguuni kinachosha zaidi, kwa sababu unakinyanyua kila hatua. Ndiyo maana Fritz Barthel, mtu wa huku huku Tirol, alibuni baindingi za pini miaka ya 1980: pini mbili zinashika pua ya buti, mbili kisigino, chuma kingine chote kikaondoka. Kazi safi. Mimi nimezifunga kwenye skii za watu mpaka vidole vimeota sugu. Lakini ukizidi kupunguza na kupunguza, utafika mahali unapunguza kile kinachouachia mguu unapoanguka.

Tafuta za gramu 300 hadi 400. Ziwe na skrubu mbili, moja ya kuanguka kwa mbele, moja ya mguu kujipinda, na breki zinazolingana na upana wa skii zako. Usiniambie habari za kamba badala ya breki. Theluji ikiporomoka, skii iliyofungwa mguuni kwa kamba inakuvuta chini kama nanga. Tofauti yote ni gramu 150 hadi 250 kila mguu. Chapati mbili!

Namba ya kufunguka inatokana na uzito wako, urefu, umri, soli ya buti na jinsi unavyoteleza. Sema kweli. Dukani wanawake wanapunguza kilo, wanaume wanaongeza ujuzi, mimi nanyamaza na bisibisi yangu.

Sasa kile kishikio cha mbele. Unapopanda unakivuta juu, pua ya buti inafungwa, na hapo skii haikuachii hata uanguke vipi. Kabla ya kushuka, kishushe. Kama baindingi inafunguka ovyo, angalia barafu chini ya springi za mbele, ichokonoe na ncha ya fimbo, kisha ukanyage tena. Usikifunge kishikio wakati wa kushuka eti kwa sababu ilifunguka mara moja. Wapo waliofanya hivyo. Ule mguu wangu uliokuwa kwenye plasta ukiwa darasa la tano, zile ngazi za stesheni hazikuwa na kosa lolote. Mama yako amejua mwaka jana tu, na mpaka leo hajamaliza kunisema.

Karakana nzima hapa Innsbruck wamechoka kusikia kwamba binti yangu anasomea barafu Grenoble. Wakiniuliza hiyo ni kazi gani najifanya naelewa. Lakini mtu anayepima barafu kwa milimita, kwa nini goti lake analipimia bei?

Chumba chako sasa kina cherehani ya mama yako, usije Pasaka ukashangaa. Ulezi alioleta shangazi tumekuwekea nusu, nusu nyingine nimeinywa uji, sikufichi. Bibi kule Marangu anataka mabati ya jiko yaezekwe kabla ya masika. Nimemtumia nusu ya pesa, nikamwambia mshahara umechelewa. Haujachelewa. Nusu nyingine ni yako, ya kujazia baindingi, kwa hiyo ukiongea naye Jumapili usitaje skii kabisa.

Usifungishe huko. Zilete, skii nitazitoboa mwenyewe. Kabla ya hapo nitumie urefu wa soli ya buti, umeandikwa pembeni ya kisigino kwa milimita. Soli, siyo saizi ya kiatu; mara ya mwisho ulinitumia saizi.

Na kile kishikio, mama. Kabla ya kushuka.

Baba yako