Jaketi Ulivae

Dunda, Bagamoyo

Mwanangu Zaina,

Asalamu aleikum. Huku hatujambo, ila bibi yako miguu inamvimba tena. Habari kwamba umepangiwa fildi hifadhini Saadani nimeipata kwa shangazi yako, tena sokoni, mbele ya wauza samaki, nikajifanya ninazo siku nyingi. Umekaa chuoni Arusha unatutumia picha za milima, sasa wanakurudisha hapa hapa, ng'ambo ya mto Wami, na mama yako ndiye wa mwisho kuambiwa. Haya, yamekwisha.

Shangazi anasema mtakuwa mnawapeleka wageni mtoni kwa boti, kutazama ndege. Tangu hapo sijalala vizuri. Kuogelea hujui, na nani aliyekukataza kwenda majini na wenzio unamjua, tusianze. Basi jaketi la kuokolea ulivae. Usilikalie, usiliweke miguuni, wala usije ukampa mgeni la kwako eti la kwake limechanika. Livae, ufunge kamba zote.

Kiboko hana haja na mtu. Haja yake ni majani, nayo huyafuata usiku. Mchana kutwa yumo majini, ngozi yake haistahimili jua. Balaa ni boti kumpandia kwa juu bila kumwona, au umkute nchi kavu, wewe umesimama kati yake na mto. Ukimwona unene wake utadhani hawezi mbio. Baba yako anasema hakuna binadamu wa kumshinda. Lakini mimi ninayemwogopa zaidi ni mamba, maana huyo hana kishindo. Hujilaza pale pale watu walipozoea kuchota maji, akangoja. Kwa hiyo mtoni usinawe, hata udhu usitie. Chukua maji yako kwenye chupa, na yakikuishia, tayamamu ipo, mtu asikutie wasiwasi. Mkono nao ukae ndani ya boti. Wageni wakitaka kuchezea maji, wakemee. Usione haya kwa sababu wamelipa.

Najua utasema, mama, tumefundishwa. Sawa. Na ndege najua unawajua kuliko sisi, ila usiwatajie wageni majina ya kitabuni peke yake. Yule mwenye kichwa cheupe anayepiga ukelele juu ya mikoko mwambie mtu ni furukombe. Yule anayetulia angani akipiga mabawa, halafu akajitosa, ni mdiria. Sululu utamkuta tope likiwa wazi, maji yamekupwa, anachokoa kwa mdomo wake uliopinda. Huyo hukimbia baridi ya Ulaya na Asia akaja kwetu, usishangae mgeni akikwambia kwao pia yupo. Heroe watafute kwenye mabwawa ya chumvi. Ile rangi yao wanaipata kwenye chakula wanachochuja majini, babu yako alikuwa akisema ni kwa kuona haya.

Saadani imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wanasema nchi nzima ndiyo peke yake ambayo tembo anaweza kutoka porini akaikuta Bahari ya Hindi. Sisi majirani hatujaingia. Mimi nimewaona hao tembo kwenye kalenda. Sasa mtoto wa kwangu ndiye atakayesimama mbele ya watu akieleza! Nimeshawaambia wanawake wote wa kikoba, ila nikiwaambia nasema utakaa ofisini.

Jambo jingine ni ndorobo, yule nzi wa malale. Wenye ranchi ya Mkwaja walileta ng'ombe kwa maelfu, wakapambana na mdudu huyo miaka na miaka, mwisho wakaondoka, na ardhi ile ndiyo imeingizwa hifadhini. Anavutwa na rangi nyeusi na buluu. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Kwa hiyo baibui lako jeusi liache nyumbani. Usinicheke. Najua ni nani aliyekuwa akikusimamia mlangoni ulivae. Nimekushonea jingine la rangi ya kahawia, refu vile vile, na mikono nimeibana ili wasiingie. Wakikuuma, ukapata homa au ukaona usingizi wa mchana unazidi, nenda hospitali, usimeze panadol ukanyamaza kama ilivyo tabia yako.

Ukipangiwa zamu ya kasa kule Madete, hiyo naipenda. Kasa anapanda mwenyewe mchangani kutaga, nawe uko nchi kavu. Usimmulike tochi tu, akishtuka hurudi baharini bila kutaga. Mwombe mkubwa wenu akupe hiyo ya kasa, boti awape wavulana. Au nimpigie mimi? Baba yako anasema nitakuaibisha. Basi uliza mwenyewe, na uulize pia majaketi ni mangapi na boti inabeba watu wangapi. Wakizidi, shuka. Bora wakuite mwoga. Siku za bamvua maji huvuta kwa nguvu, na mto ukikutana na bahari hapo hakuna fundi.

Kaka yako amechukua tena kitanda chako, nimemwambia akitoe kabla hujafika. Paa la jiko linavuja upande wa kisimani, na fundi anataka hela ya makuti kwanza. Baba yako anasema hataki senti yako, usome umalize. Mwache aseme. Ukipewa posho, ya makuti unitumie mimi, kwenye namba yangu, si yake. Bibi naye anadai umemwahidi kanga mbili. Mimi nilisikia moja, mtajuana.

Siku ya kuja kuripoti usipitilize na gari la chuo mpaka Saadani. Shuka hapa, ulale, nikupikie samaki wa kupaka, asubuhi baba yako akusindikize. Na lile hotipoti langu ulilobeba Idi uje nalo, pamoja na mfuniko wake, maana nakujua.

Mama yako