Picha za kupatwa kwa mwezi zipewe kipimo kimoja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu video za kupatwa kwa mwezi zilizopita katika simu zetu hapa Lubumbashi baada ya Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Wengi waliozipokea walidai ni za uongo, kwa sababu mwezi ulikuwa ukipepesa kama taa yenye umeme hafifu. Nami niliyetengeneza mojawapo nakiri kuwa kosa lilikuwa letu watengenezaji.

Kivuli cha dunia kilianza kuumega mwezi saa 12:27 jioni, kikaufunika wote tangu saa 1:30 usiku kwa muda wa dakika 82, kisha kikauachia kabisa saa 3:56. Kamera yangu ilisimama juu ya miguu yake mitatu katika lupango wetu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, huko Katuba, ikipiga picha 1 kila dakika, hata nikapata zaidi ya 200, ambazo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde hazizidi sekunde 9 za video. Kuzisafisha moja moja kwa mkono ni kazi ya kuchosha mno, kwa hiyo kompyuta huachiwa izipitie zote kwa mkupuo, na hapo ndipo tunapoharibu.

Mimi niliiamuru programu irekebishe mwanga wa kila picha peke yake. Ikatii: yenye giza ikaiangaza, yenye mwanga mkali ikaififisha, hata video ikapepesa, na mwezi uliozama kivulini ukang'aa sawa na mwezi mpevu. Tukio lenyewe, yaani kule kufifia kidogo kidogo hadi kuiva kwa rangi nyekundu inayoletwa na miale ya jua iliyopenya hewa ya dunia, likawa limefutwa. Kipimo cha mwanga na rangi kinapaswa kutafutwa kwenye picha 1 au 2, kiandikwe, kisha kitumike vilevile kwa zote. Ni kweli kwamba mwezi ukiwa ndani ya kivuli hufifia mara maelfu, hata mpiga picha hulazimika kurefusha muda wa kupokea mwanga kutoka sehemu 1 ya 250 ya sekunde hadi sekunde nzima au zaidi. Lakini kila anapoubadilisha na aanzishe fungu jipya lenye kipimo chake, asiiachie kompyuta ibahatishe.

Kuna na suala la namba zinazokuwa majina ya picha. Kamera nyingi zikifika 9999 huanza upya 0001, nayo kompyuta hupanga faili kwa majina yake. Katika jaribio langu la kwanza mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 9, aliniuliza: «Mjomba, mbona mwezi unapona kabla ya kuugua?» Nilipotazama tena, kweli, ulikuwa ukitoka kivulini kabla haujaingia. Tangu siku hiyo faili zangu nazipa majina mapya kwa kufuata saa ya kupigwa, bila kuruka namba hata moja, kwani ffmpeg, programu ya bure inayounganisha picha kuwa video, ikikuta pengo huishia hapo. Kuuweka mwezi katikati ya kila picha ni kazi nyepesi ya PIPP, programu nyingine ya bure. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila taarifa, heri kujaribu picha 10 kwanza, kisha kuendelea kwa mafungu.

Ombi langu kwako, Bwana Mhariri, ni kwamba mnapochapisha picha za namna hii, mwandike chini yake saa ya picha ya kwanza na ya mwisho, idadi yake, na kama mwanga umebadilishwa. Wenzangu wapiga picha nawasihi wasifute picha ghafi baada ya video kukamilika, maana hizo ndizo ushahidi. Zangu ninazo zote, na video niliyoitengeneza upya pia ninayo. Nipo tayari kuzileta ofisini kwenu zilinganishwe.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi