Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasaidizi wa Kisheria, Mtwara

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mliofika kutoka Newala, Tandahimba, Nanyamba na hapa Mikindani. Najua msimu wa korosho umewabana na wengine mmeacha magunia ghalani yakisubiri mnada, ahsanteni sana kwa kuja. Mahesabu yamekaguliwa na mhazini atayasoma baada yangu, kwa hiyo siyagusi. Nafasi yangu naitumia kueleza kwa nini kamati iliamua mafunzo yote ya mwaka huu yawe juu ya jambo moja, yaani haki ya wanawake katika mahakama za kimataifa za jinai.

Baadhi yenu mlipinga, na hoja yenu ilikuwa na uzito. Mlisema binti aliyebakwa kijijini anahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kupata matibabu, na nauli ya kumfikisha hospitali, habari za The Hague, mji wa Uholanzi iliko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zitamsaidia nini? Lakini hukumu iliyogeuza sheria ya dunia kuhusu ubakaji haikutolewa Ulaya. Ilitolewa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba nchini Rwanda. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, ikatamka kwamba ubakaji nao ni njia ya kuyatenda mauaji hayo pale unapofanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imesema hivyo kabla.

Kesi hiyo ilipoanza, hati ya mashtaka haikuwa na neno ubakaji. Ilikuwa na mauaji na mateso tu. Kisha akapanda kizimbani mama mmoja, anayejulikana kwenye kumbukumbu kwa herufi tu, akaeleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu. Majaji hawakumpita. Walimuuliza zaidi, akiwemo Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo lile. Shahidi mwingine naye akasimulia yaliyompata yeye mwenyewe na aliyoyaona kwenye ofisi ya wilaya. Mashirika ya wanawake yakashinikiza, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa. Ushahidi ulikuwepo siku zote katika vifua vya wanawake wale. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza na kuandika.

Kazi hiyo ndiyo yetu sisi, ndugu zangu. Mwanamke anapofika kwenye meza yetu kabla ya kwenda dawati la jinsia la polisi, anayemsikiliza kwanza ni msaidizi wa kisheria mwenye kalamu.

Katika mafunzo ya Mikindani tulifanya zoezi la kuhojiana, mmoja akiigiza mlalamikaji. Swali la pili lililoulizwa lilikuwa, "Mbona hukupiga kelele?" Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja wa Nanyamba akasema, "Angepiga kelele angeuawa." Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zinasema wazi kwamba ukimya wa mwathirika au kutopambana kwake si ridhaa, na kwamba historia yake ya kimapenzi haihusiki. Sheria zetu wenyewe haziko mbali na hapo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ushahidi wa mwathirika peke yake unatosha, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli. Swali lile tumelifuta kwenye fomu, na lile la "ulivaa nini" nalo limefutwa.

Sitaki mdhani njia imekuwa tambarare. Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa wapiganaji kutoka Kongo, alitiwa hatiani The Hague mwaka 2016 kwa ubakaji uliofanywa na askari wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2018 rufaa ikamwachia huru. Wanawake waliothubutu kusema walibaki na uchungu wao, na mimi hukumu ile inaniuma mpaka leo. Lakini Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, alihukumiwa huko huko mwaka 2021, kwa makosa 61, yakiwemo ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa. Na wale wanaosema kesi hizi ni vita ya wanawake dhidi ya wanaume wamkumbuke Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake Rwanda. Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011, ubakaji ukiwemo, na jopo liliongozwa na Jaji William Sekule, Mtanzania mwenzetu.

Sasa jambo lililo karibu zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji halijatulia kwa mashambulizi ya waasi tangu Oktoba 2017, na mwaka 2020 moto ule uliruka mto ukafika kijiji chetu cha Kitaya. Wanawake waliovuka kuja kwetu ni ndugu zetu kwa damu na lugha. Msumbiji ilitia saini Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, lakini haijauridhia, hivyo mlango wa The Hague kwao ni mwembamba. Tanzania iliuridhia mwaka 2002. Maana yake, Mtanzania aliyevuka akatenda uhalifu huo anaweza kufikishwa mbele ya mahakama hiyo iwapo sisi wenyewe hatutamshtaki, na makosa hayo hayafutwi kwa kupita muda. Maelezo yakiandikwa vizuri leo yanaweza kutumika miaka 20 ijayo.

Kamati inaomba kura yenu kwa mambo mawili. La kwanza, jina la mlalamikaji lisiandikwe kamwe kwenye daftari la mapokezi. Iandikwe herufi na namba, na orodha ya majina ifungiwe kabatini, funguo akae nazo katibu peke yake. La pili, msaidizi yeyote atakayeshiriki kuimaliza kesi ya ubakaji kifamilia, kwa mbuzi au kwa fedha, aondolewe uanachama. Najua hili litawagusa watu tunaowaheshimu, na wazee watatulaumu. Naomba tulipitishe hivyo hivyo.

Fomu mpya ziko kwa katibu. Kila tawi lichukue zake kabla ya chakula cha mchana.