Risala ya Wanafunzi wa Kidato cha Pili A kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Hisabati: Makubaliano ya Darasa Letu la Aljebra

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa ya Moshi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi leo tarehe 14 Machi, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati kwa kuwa mwezi wa 3 na tarehe 14 hutukumbusha ile 3.14 tunayoitumia kukokotoa mzingo na eneo la duara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule ametuagiza tukueleze jinsi tunavyojifunza aljebra. Tumeona ni vyema tukusomee makubaliano ambayo sisi wanafunzi 64 tuliyaandika pamoja na mwalimu wetu wa Hisabati mwanzoni mwa muhula, yakabandikwa ukutani pembeni ya ubao, na kila mmoja wetu akapeleka nakala nyumbani ikatiwa saini na mzazi au mlezi.

Kipengele cha kwanza kinahusu lugha. Shule ya msingi wengi wetu tulisoma Hisabati kwa Kiswahili, na tulipoingia Kidato cha Kwanza tulikutana na herufi zinazosimama badala ya namba wakati uleule tulipokuwa tunahangaika na Kiingereza, hata ikawa vigumu kujua ni kipi hasa kinachotushinda. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza na kujieleza kwa Kiswahili bila kukaripiwa, ila kazi ya daftarini ataiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha atakayopimwa nayo mwezi Novemba.

Kipengele cha pili ndicho kilichotusumbua kuliko vyote, nacho kinasema kuwa jibu lisilo na njia halihesabiwi. Mwanafunzi akiandika kwamba x ni 6 na asionyeshe ameipataje, hapewi alama hata kama ni 6 kweli. Mwanzoni tulilalamika sana, na wapo wenzetu waliosema wazi kuwa mwalimu anawaonea wenye akili za haraka. Baadaye tulielewa kuwa jibu tupu likikosewa halina pa kurekebishwa, ilhali anayeandika hatua zake zote anaweza kuonyeshwa kwa kidole mahali alipoteleza, na hata msahihishaji wa mtihani anaweza kumpa alama za hatua zile alizozipatia.

Pamoja na kipengele hicho, Mheshimiwa, ipo kauli moja iliyopigwa marufuku darasani. Wengi wetu tulikuwa tumekaririshwa kuwa namba “ikivuka inabadilisha alama”, na tulikuwa tunazivusha namba bila kujua kwa nini ziwe hasi upande huu na chanya upande ule. Sasa kila mlinganyo tunautazama kama mizani ya muuza mchele wa soko la Mbuyuni: unachoongeza sahani hii sharti ukiongeze na sahani ile, la sivyo mizani inalala upande. Tukipewa 3x − 7 = 11, tunaandika kwamba tumeongeza 7 pande zote mbili tukapata 3x = 18, kisha tumegawanya pande zote kwa 3 tukapata x = 6, na mwisho tunairudisha 6 kwenye swali la awali ili kuona kama kweli 18 ukitoa 7 unabaki na 11. Mwalimu alitueleza kuwa neno aljebra lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, alilolitumia mwanahisabati al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9, lenye maana ya kurudishia kilichopunguka, na kwamba Waarabu hulitumia pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Tangu siku hiyo mwenzetu mmoja, ambaye babu yake ni mganga wa mifupa, amekuwa akijiita mrithi halali wa somo hili.

Kipengele cha tatu kinahusu makosa na majaribio. Katika viwango vya Baraza la Mitihani, daraja D huanzia alama 30 na daraja C huanzia 45, nasi tumeamua kwamba mstari wetu ni 45. Anayepata chini ya hapo katika jaribio la Ijumaa haadhibiwi, bali anafanya masahihisho, anaandika kwa maneno yake alikosea wapi, kisha anafanya jaribio jingine linalofanana na lile Jumatano inayofuata. Kwa utaratibu huu ndipo ilipogundulika kwamba zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa tunaandika (x + 3)² kuwa x² + 9, tukiiacha 6x njiani, na kila mmoja alidhani kosa hilo ni lake peke yake. Baadhi ya wazazi wameona kurudia jaribio ni kutudekeza. Kwa heshima zote tunawaambia kuwa kurudia ni kuzito kuliko viboko, kwa maana fimbo huisha kwa dakika moja nawe ukabaki hujui 6x imekwenda wapi.

Vipengele vingine ni vifupi. Vikokotoo vinabaki mikobani tunapojifunza mabano na kutafuta vigawo. Kugilizia kazi ya mwenzako kunawafutia alama wote wawili, aliyetoa na aliyepokea. Anayechelewa kwa sababu daladala zimemwacha kituoni, jambo ambalo wenzetu wa Msaranga na Pasua wanalijua vyema kwa vile nauli ya mwanafunzi haimvutii kila kondakta, anaingia kimya kwa mlango wa nyuma na anakaa mapumziko kunakili alichokikosa. Kumcheka aliyekosea ubaoni hakuruhusiwi, na hapa tunakiri mbele yako kuwa kipengele hiki tumekivunja zaidi ya mara moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makubaliano haya yana gharama, na anayeilipa ni mwalimu wetu. Kusoma hatua za daftari moja kunamchukua angalau dakika 3, hivyo madaftari yetu 64 ni dakika 192, yaani karibu vipindi 5 vya dakika 40. Anafundisha mikondo minne inayolingana na wetu kwa idadi, kwa hiyo mkusanyo mmoja tu ni dakika 768, ambazo ni karibu saa 13 nje ya vipindi vya kufundisha. Tulipokubaliana mwanzoni mwa muhula, madaftari yalikuwa yakusanywe mara mbili kwa wiki. Leo yanakusanywa mara moja, na kuna wiki ambazo yanarudi kwetu wakati tumeshahamia mada nyingine.

Kwa sababu hiyo hatuleti orodha ndefu ya maombi. Tunaomba ofisi yako itupatie mwalimu wa pili wa Hisabati, na iwapo hilo litachukua muda, tunaomba walimu wanaokuja mazoezi ya kufundisha kutoka vyuoni wapangiwe pia shuleni kwetu, ili wasaidie kusahihisha hatua wakati mwalimu wetu anafundisha. Pili, tunaomba kipindi cha Jumatano cha marudio kisiguswe na shughuli nyingine za shule, maana kikipotea, jaribio la pili halifanyiki, na kipengele chetu cha tatu kinabaki karatasi ya ukutani.

Nakala ya makubaliano imewekwa mezani kwako. Chini ya saini ya Mkuu wa Shule tumeacha nafasi moja tupu, na tutafurahi ukiijaza kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili A,
Moshi.