Barua kwa mwanangu aliye injini rumu

Mwanangu,

Salamu nyingi, mama yako anauliza kama unakula vizuri huko melini. Uliniuliza ile nyambizi ya Wajerumani iliyoishia pwani ya Somalia, ni U-852, na haikudumu kabisa, safari moja tu ya vita. Ilitoka Kiel Januari 1944 kuja Bahari ya Hindi, kamanda Heinz-Wilhelm Eck, kijana wa miaka 27 tu.

Tarehe 13 Machi wakaizamisha Peleus, meli ya Wagiriki, huko Atlantiki. Waliopona wakashikilia maboya na mbao. Eck akaogopa ndege zikiona yale mabaki kesho yake watamsaka, akaamuru yapigwe rashasha, na watu wako juu yake! Masaa karibu matano wanazunguka gizani wanapiga, wanarusha na mabomu ya mkono, na mmoja wa waliopiga ni daktari wa nyambizi, daktari jamani.

Ila anayenikera mimi ni Lenz, fundi mkuu wa injini. Alimfuata Eck akamwambia hii oda siafiki. Safi. Alafu baadae akapanda juu akamkuta baharia Schwender na rashasha, akamnyang'anya akapiga mwenyewe, na kortini akajieleza eti Schwender alikuwa baharia mbovu, hastahili kutekeleza oda kama ile. Yani kazi umeikataa, alafu unaifanya wewe kisa aliyepewa hafai!

Na wala haikusaidia, watu watatu wa Peleus walipona wakaokotwa na meli ya Wareno. Nyambizi ikazamisha meli moja tu nyingine, Dahomian, karibu na Cape Town, kisha tarehe 2 Mei ndege za Waingereza kutoka Aden zikaitwanga, kesho yake wakaipandisha ufukweni kule Bender Beila wakailipua, lakini kitabu cha safari wakakisahau kukiharibu, Waingereza wakakichukua. Kesi ikasikilizwa Hamburg Oktoba 1945. Eck, ofisa Hoffmann na yule daktari wakapigwa risasi wakafa tarehe 30 Novemba, Schwender miaka 15, Lenz kifungo cha maisha.

Sasa wewe uliniandikia chifu wenu wa injini kataka mmwage maji ya oili baharini usiku, ukamwambia hutaki, nikafurahi, nikasoma mbele, kumbe valvu umefungua wewe kwa sababu mwenzako "angeharibu". Sisemi ni sawa na kuua watu. Ila nijibu hilo kwanza, habari ya hela tutaongea baadae.

Baba yako