Kijerumani unakijua zaidi ya unavyodhani

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, huku sijambo. Nimesoma malalamiko yako: unakariri maneno ya Kijerumani usiku, asubuhi yameyeyuka yote. Hebu acha kukariri kwanza. Mengi ya hayo unayajua tangu shule ya msingi, ila umeyazoea kwa Kiingereza.

Lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Waingereza wakiwa wameshavuka bahari, watu wa kusini mwa Ujerumani walianza kubadili matamshi. P ikawa pf au f, t ikawa z au ss, k ikawa ch. Ndiyo maana apple ni Apfel, ship ni Schiff, ten ni zehn, water ni Wasser, make ni machen. Chukua pepper: p ya mwanzo inageuka pf, ya katikati ff, unapata Pfeffer. Vilevile d ikawa t, kama day na Tag, na th ikawa d, kama three na drei. Jacob Grimm, yule yule wa ngano za watoto, alizipanga kanuni za namna hii mwaka 1822.

Maana ndiyo itakayokuchezea. Tier ni mnyama yeyote, na deer ya Kiingereza zamani ilikuwa hivyo hivyo kabla ya kubaki kwa paa na kulungu tu. Sterben ni kufa, kifo chochote kile. Waingereza wakaibana starve hadi ikawa kufa njaa. Zaun ni ua, ule wa kuzungushia nyumba, na ndugu yake ni town: mji ulianzia kwenye boma. Gift nayo ikwepe kabisa, maana kwa Wajerumani ni sumu! Maana ya kutoa imebaki kwenye Mitgift, mali anayopewa bibi harusi na kwao.

Halafu kuna maneno ambayo hutayapatia ndugu, kwa sababu Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066 na kuleta Kifaransa chao. Ng'ombe zizini alibaki cow, ndugu wa Kuh, lakini akifika mezani anaitwa beef, neno la Kifaransa. Wajerumani hawakujisumbua: Rindfleisch, nyama ya ng'ombe, basi. Wanasema kama sisi, na mimi nawaunga mkono.

Sisi wenyewe tuna yetu kutoka kwao: shule ni Schule, na hela ni Heller, senti za enzi za utawala wao Tanganyika.

Nakuachia manne: Zunge, Dorn, Buch, Pflanze. Kamusi usiiguse, nitumie majibu kwenye barua ijayo. Mama msalimie sana, na mwambie kanga zimefika.

Wako,
Mwanaidi